Umeme ukikatika wakati wa dhoruba ya theluji: namna ya kuiandaa nyumba

Somo hili ni la wenzetu walioko Marekani na Kanada, hasa waliofika karibuni. Kukatika umeme tumekuzoea. Tusichokizoea ni umeme kukatika huku nje kuna baridi ya kugandisha maji ndani ya bomba. Februari 2021 huko Texas nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, nyingine kwa siku kadhaa. Wapo waliokufa kwa baridi, na wapo waliouawa na gesi ya moto waliouwasha ndani ili waote.

1. Jiko la mkaa lisiingie ndani

Kwetu jiko hukaa uani, au jikoni penye matundu ya hewa. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na kaboni monoksaidi nayo haitoki. Gesi hii haina rangi wala harufu. Mkaa ulioshika vizuri, usio na moshi hata kidogo, bado unaitoa, na kufungua dirisha hakutoshi. Desemba 2006, dhoruba ya upepo ilipokata umeme eneo la Seattle, wahamiaji wengi walidhurika hivyo hivyo.

Nunua king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri, kimoja kila ghorofa, karibu na vyumba vya kulala. Kijaribu kila mwezi, na utazame tarehe iliyoandikwa nyuma, maana nacho huisha muda wake.

2. Akiba

Maji ni galoni 1 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3 au zaidi. Familia ya watu 6 iweke galoni 18. Unga na mchele havitakusaidia bila moto, kwa hiyo weka karanga, tende, mkate, samaki na maharage ya kopo, pamoja na kifungulio cha mkono. Tangazo la dhoruba likitoka, chaji simu zote na ujaze chupa za chai uji wa moto. Tochi ni bora kuliko mishumaa. Dawa ziwe za wiki nzima.

3. Chumba kimoja

Hita ya gesi nayo hunyamaza umeme ukikatika, kwa sababu feni inayosukuma joto inatumia umeme. Chagueni chumba kidogo chenye madirisha machache, mlale humo wote. Tundika blanketi dirishani, kunja taulo uzibe chini ya mlango. Vaeni nguo juu ya nguo, na kofia hata usingizini. Chumba kikizidi baridi, msing'ang'anie: pigeni 211 muulize kituo cha kuota joto kilicho karibu.

4. Mabomba

Maji yakiganda hutanuka, na yale yaliyobanwa kati ya barafu na koki iliyofungwa ndiyo hupasua bomba. Ndiyo maana koki huachwa ikidondosha tone tone, ya moto na ya baridi, hasa kwenye sinki lililo ukuta wa nje. Fungua pia milango ya kabati chini ya sinki. Leo, kabla ya dhoruba, tafuta valvu kuu ya maji na uifunge kitambaa chekundu. Bomba likipasuka gizani, hutakuwa na muda wa kuitafuta.

Maswali ya wanachama

*Jenereta naweza kuiweka gereji, mlango ukiwa wazi?*
Hapana, ndugu. Ikae nje, futi 20 au zaidi kutoka dirisha au mlango wowote, bomba la moshi likielekea mbali na nyumba. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani: umeme hurudi kwenye nyaya za barabarani na kumuua fundi anayezitengeneza.

*Jiko la gesi linawaka kwa kiberiti. Tukiacha oveni wazi tuote?*
Msifanye hivyo. Pika haraka, zima.

*Nyama ya friza niifukie kwenye theluji?*
Jua huiyeyusha mchana, na wanyama huifukua. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhifadhi saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Kabla ya dhoruba gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena: tupa nyama.

*Mtoto wa miezi 5 tumlaze katikati yetu?*
Hapana, mama. Mtu mzima aliyelala anaweza kumlalia, na blanketi zito humziba pumzi. Mvalishe nguo za joto, alale peke yake. Mkimpakata kifuani, anayempakata awe macho.

*Nitatofautishaje mafua na sumu ya gesi?*
Sumu haileti homa. Kichwa huuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na huwashika watu kadhaa kwa wakati mmoja; mkitoka nje mnapata nafuu. Usianze kutafuta chanzo. Toeni watoto, tokeni wote, kisha pigeni 911. Kama Kiingereza ni kigumu, taja neno moja, "Swahili", usikate simu, wakutafutie mkalimani.