Kabla Hujafunga Safari ya Khabarovsk: Mambo ya Kuzingatia

Wengi wanaoniuliza habari za Khabarovsk, mji wa Mashariki ya Mbali ya Urusi, huanza na koti: liwe zito kiasi gani, linunuliwe wapi, na je, moja linatosha? Koti nitalifikia. Hata hivyo, si ukosefu wa koti ulioniacha nimesimama gizani katika mji huo nisijue nyumba niliyofikia iko upande gani. Kwa hiyo msomaji auvumilie mpangilio wangu, kwa sababu mambo yanayojulikana nitayataja kwa haraka, na lile lililonigharimu nitalikalia kwa muda.

Chagua majira kabla ya kuchagua ndege. Mji umejengwa kwenye ukingo wa kulia wa Mto Amur, karibu na mahali unapopokea maji ya Mto Ussuri, kilomita 30 hivi kutoka mpaka wa China, na mto huo ndio unaopanga maisha ya watu. Huganda kuelekea mwisho wa Novemba na haufunguki mpaka mwishoni mwa Aprili. Wastani wa Januari ni takriban nyuzi 20 chini ya sifuri, na usiku hushuka zaidi. Asikudanganye mtu kwamba majira ya joto ni mteremko: Julai na Agosti pepo za msimu kutoka Bahari ya Pasifiki huleta mvua, mbu, na fukuto ambalo mtu wa Tanga atalitambua mara moja. Mvua za namna hiyo ndizo zilizoufurisha Amur mwaka 2013 hadi kipimo cha maji mjini kikafika sentimita 808, wakati rekodi iliyodumu tangu mwaka 1897 ilikuwa 642. Kama tarehe ziko mikononi mwako, nenda Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, hewa ikiwa kavu na miti imegeuka rangi ya dhahabu. Aprili sikushauri, kwa kuwa theluji inayoyeyuka hugeuka tope na mji hauna sura ya baridi wala ya joto.

Viza isome tarehe kwa tarehe. Huandikwa siku ya kwanza na siku ya mwisho unayoruhusiwa kuwa nchini Urusi, na siku ya mwisho maana yake ni ya mwisho kweli. Usikate tiketi ya kurudi inayoigusa siku hiyo, kwa sababu ndege kutoka Khabarovsk hadi Moscow hukaa angani zaidi ya saa saba, na ikichelewa, aliyepitiliza ni wewe wala si ndege. Angalia pia kama ni viza ya kuingia mara moja. Mto ukiwa wazi, marafiki wanaweza kukushawishi mpande boti mkatembee Fuyuan, upande wa China, na wenzako wakirudi jioni wewe ukabaki ng'ambo, kwa kuwa kwa viza ya mara moja umekwisha kutoka Urusi. Kisiwa cha Bolshoi Ussuriysky, ambacho nchi hizo mbili zilikamilisha kugawana mwaka 2008, nacho kiko karibu na kinavutia, lakini maeneo ya mpakani yana masharti yake kwa wageni, kwa hiyo uliza kabla hujaingia kwenye gari la mtu. Baada ya hapo ni usajili: ukifikia hotelini, hoteli itakusajili yenyewe, ukifikia nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba anatakiwa akusajili ndani ya siku saba za kazi, na usione haya kumkumbusha kila asubuhi. Karatasi ya usajili na kadi ya uhamiaji uliyopewa mpakani vikae pamoja na pasipoti.

Fedha ni taslimu. Tangu Machi 2022, kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko, iwe ni kwenye mashine ya kutolea fedha au dukani, na kumpigia simu meneja wa benki yako hakutabadilisha jambo hilo. Beba dola au euro, noti mpya zisizokunjwa wala kuandikwa kalamu, kwa sababu noti chakavu hukataliwa dirishani au hukatwa. Badilisha benki, gawa fedha katika mifuko mitatu, na usimwambie mtu mfuko wa tatu uko wapi. (Noti ya ruble 5,000 ya toleo la zamani ina picha ya daraja la reli la mji huu, lililofunguliwa mwaka 1916, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na nusu, utalishika mkononi kabla hujaliona kwa macho.)

Saa za Moscow na za Dar es Salaam ni zilezile, jambo linalowafanya wengi wadhani Urusi yote iko hivyo. Khabarovsk iko mbele kwa saa saba. Mama akikupigia saa mbili usiku baada ya chakula, kwako ni saa tisa usiku wa manane, kwa hiyo mpange mapema. Ukisikia kwamba tiketi za treni huandikwa kwa saa za Moscow, ujue ni ushauri uliochacha: tangu Agosti 2018 huandikwa kwa saa za kituo chenyewe, na mtu anayejumlisha saba juu ya saa sahihi ataikosa treni ya Vladivostok.

Kuhusu afya, mambo mawili. Beba dawa mseto ya malaria pamoja na karatasi ya daktari, na ukipata homa katika wiki za mwanzo, mwambie daktari waziwazi kwamba umetoka nchi yenye malaria, kwa maana yeye atafikiria mafua. La pili ni kupe. Kati ya mwisho wa Aprili na Julai kupe wa misitu ya Mashariki ya Mbali huambukiza homa ya ubongo ambayo wanasayansi wa msafara wa Lev Zilber, mtaalamu wa virusi wa Kisovieti, waliitambua huko mwaka 1937, na aina ya upande huo ndiyo kali kuliko zote. Chanjo ipo, lakini haitolewi kwa sindano moja, kwa hiyo anza miezi kadhaa kabla. Asiyechanjwa asiende kuchuma uyoga msituni, basi.

Sasa koti. Koti la mtumba la Kariakoo litakufikisha kutoka mlango wa uwanja wa ndege hadi kwenye teksi, na lisitarajiwe kufanya zaidi. Nunua huko huko, siku ya kwanza. Vaa tabaka tatu badala ya vazi moja nene, kwa sababu ndani ya nyumba na mabasi kuna joto la kukutoa jasho, na jasho likikukuta nje ni adui. Viatu viwe vikubwa kwa saizi moja kuliko unavyovaa: kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usio na damu hauokolewi na soksi mbili.

Nije kwenye lile lililonigharimu, yaani simu. Nilifika mara ya kwanza mwezi Januari, nikapata chumba katika nyumba ya ghorofa tisa iliyozungukwa na nyumba nyingine za ghorofa tisa, zote za zege la kijivu, kila moja na milango kadhaa ya chuma inayofanana kama pacha. Siku ya pili mwenyeji wangu alikwenda kazini, nami nikaona hakuna haja ya kumsubiri. Anwani nilikuwa nayo kwenye simu. Ramani ilikuwa kwenye simu, programu ya kuita teksi vilevile, kamusi vilevile, na namba ya mwenyeji sikuwa nimekariri hata tarakimu mbili. Chaji ilikuwa asilimia 71, nikajiona nimejiandaa.

Nilishuka Mtaa wa Muravyov-Amursky hadi kwenye jabali wanaloliita Utyos, mahali ambapo mji unakatika ghafla na mto unaanza. Sitaki kumnyima mtu furaha ya pale. Amur ulioganda ni uwanda mweupe ambao ukingo wake wa pili unaonekana kama mstari wa penseli, na juu ya uwanda huo kuna watu wamekaa kwenye visanduku, wametoboa barafu, wanavua samaki kwa utulivu kana kwamba chini yao hakuna mto. Nilivua glavu nikapiga picha, nikapiga nyingine, kisha nikaanza kurekodi video ya kumtumia mama. Ilikuwa nyuzi 26 chini ya sifuri na upepo ulitoka mtoni. Katikati ya video simu ilizimika, bila onyo, ikiwa na zaidi ya nusu ya chaji.

Nilidhani imeharibika. Kumbe betri ya lithiamu hutoa umeme kwa badiliko la kikemia ambalo hupungua kasi katika baridi, kiasi kwamba umeme umo ndani lakini betri inashindwa kuutoa kwa nguvu inayotakiwa, na simu ikiona volti zimeshuka hujizima. Hiyo asilimia kwenye kioo huihesabu kana kwamba uko Morogoro.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni, na Januari huko jua huzama kabla ya saa kumi na mbili. Nilikumbuka kwamba nilikuja kwa basi. Namba ya basi sikuikumbuka. Nilisimamisha teksi nikamtajia dereva jina la mtaa kama nilivyokuwa nimelisoma kwa herufi zetu, naye akanirudishia majina mawili ya mitaa, akangoja nichague. Sikuweza kuchagua, akaondoka. Nikatembea. Baada ya nusu saa sikio la kushoto liliacha kuuma, nikashukuru, kwa ujinga wangu, maana kiungo kinachoacha kuuma kwenye baridi ile ndicho kinachokaribia kuungua kwa baridi.

Aliyeniokoa ni muuzaji wa duka la dawa, mama wa makamo ambaye alilitazama sikio langu kabla ya kunitazama usoni. Hakuuliza ninataka dawa gani. Alinikalisha karibu na bomba la kupashia chumba joto, akaishika simu yangu, na nilipomwonyesha kwa ishara kwamba ninaomba chaja alitikisa kichwa, akanirudishia simu na kunielekeza kwa kidole niiweke ndani ya sweta, kwapani. Nilihisi ananifanyia mzaha. Nilikaa pale kama mgonjwa anayepimwa homa kwa simu, wateja wakiingia na kutoka, na baada ya dakika ishirini nikaibonyeza ikawaka, na chaji ilikuwa asilimia 48. Baadaye nilielewa kwa nini alininyima chaja: betri iliyo chini ya nyuzi sifuri ikichajiwa huumia kwa namna isiyorekebishika, na simu baridi ikiingizwa kwenye joto hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Sikio lilitoa malengelenge, kisha likabambuka ngozi kwa wiki mbili.

Kwa hiyo usitoke nyumbani siku ya kwanza kabla mwenyeji hajakuandikia, kwa mkono wake na kwa herufi za Kirusi, jina la mtaa, namba ya nyumba, namba ya mlango wa kuingilia, ghorofa, namba ya chumba na namba yake ya simu. Namba ya mlango wa kuingilia ndiyo watu wanayoisahau, na bila hiyo utaizunguka nyumba ukibonyeza kengele za wasiokujua. Ziwe nakala mbili, moja mfuko wa ndani na nyingine pamoja na pasipoti, na ziandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino wa baadhi ya kalamu huchuruzika karatasi ikilowa theluji. Simu ikae karibu na mwili, chini ya koti, itolewe kwa haja na irudishwe. Betri ya akiba nayo ni betri; ukiiweka kwenye begi la mgongoni itakufa kabla ya simu.

Ramani ya mji ipakue ungali kwenu, iweze kufunguka bila intaneti. Tangu Januari 2025 mgeni hapati laini ya simu dukani kwa kuonyesha pasipoti tu, bali hutakiwa kwanza kusajiliwa sura na sauti, na shughuli hiyo huchukua siku kadhaa. Facebook na Instagram zimefungwa tangu mwaka 2022, kwa hiyo usimwahidi mtu kwamba utamtafuta huko. Namba ya dharura ni 112.

Yaliyobaki ni tahadhari za kawaida, ingawa naona watu wakizivunja. Usishuke kwenye barafu ya mto peke yako, na ikifika mwezi wa nne usishuke kabisa hata ukiwaona wavuvi wamekaa, kwa maana miongoni mwao wapo wanaookolewa kila mwaka. Usipige picha askari, magari ya jeshi wala mitambo ya reli, na daraja litazame kwa mbali kama wengine. Usisaini mkataba ulioandikwa kwa lugha usiyoisoma, hasa wa kazi yenye mshahara mnono usioelezeka, kwa sababu wapo Wakenya na Waafrika wengine waliosaini wakajikuta jeshini. Pombe haipashi mwili joto, humdanganya tu anayekunywa. Usisimame chini ya paa lenye vijiti vya barafu vinavyoning'inia. Ngazi za kushukia mtoni huteleza hata zikiwa zimefagiliwa, kwa hiyo shika chuma cha pembeni, lakini kwa glavu, kwa kuwa mkono mtupu hunata.