Tuta la bwawa likivuja, tazama rangi ya maji

Tuta la udongo kutoa jasho kidogo upande wa nje si ajabu. Cha kuangalia ni rangi. Kinga maji hayo kwenye chupa safi, iache nusu saa. Yakibaki safi, chomeka kijiti mahali hapo na kila wiki upime yanajaza ndoo ya lita 10 kwa dakika ngapi. Ukikuta tope chini ya chupa, tuta linaliwa kwa ndani: punguza maji bwawani siku hiyohiyo, na wanaokaa bondeni waambiwe waondoke kwanza. Bwawa la shamba la binafsi kule Solai, Nakuru, lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40.

Usizibe kwa udongo wa mfinyanzi upande wa nje (kosa la wengi). Maji yatatafuta njia nyingine. Funika kwa mchanga safi, juu yake kokoto, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki.

Kagua zaidi linapopita bomba la kutolea maji, maana udongo uliolizunguka ni mgumu kuushindilia. Miti tutani ing'oe ingali miche. Mizizi mikubwa ikioza huacha mifereji.