Jinsi ya kukusanya malipo ya mizigo wakati karatasi haziwezi kusafiri

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mafuriko yakakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam huku Kilwa, bahasha yangu yenye dilivari noti 11, yaani karatasi ambazo mpokeaji husaini kuthibitisha mzigo umefika, ilikuwa kwenye buti ya basi lililokwama Somanga. Mzigo wenyewe, salfa ya mikorosho, ulikuwa umeshashushwa Newala na Tandahimba, wakulima wameanza kuipulizia mikorosho. Mteja wangu, muuzaji wa pembejeo mwenye ofisi Dar, alikuwa na hela ya kunilipa. Mhasibu wake aliniambia kwa upole kabisa: "Kaka, mimi nakuamini, lakini bila orijino siwezi kuingiza kwenye mfumo." Madereva watatu walikuwa wanangoja posho. Kituo cha mafuta kilikuwa kinangoja deni lake.

Novemba 15 mwaka huohuo wafanyakazi wapatao 55,000 wa Canada Post, shirika la posta la Kanada, waligoma, wakarudi kazini katikati ya Desemba. Nilizifuata habari zile kwa sababu zilinigusa. Kanada biashara nyingi bado hulipana kwa hundi zinazotumwa kwa barua, kwa hiyo posta ikisimama, mwenye malori anakosa hela yenyewe. Huko inabidi umwombe mteja ahamishie malipo benki, au umtume mtu akachukue hundi kwa mkono. Kwetu hela haipandi gari la posta. Inapita benki na kwenye simu. Kinachokwama kwetu ni karatasi inayoiruhusu hela itoke, na hiyo inaweza kukwama kwa mgomo, kwa mafuriko, au kwa kondakta aliyesahau bahasha stendi.

Utaratibu ninaoueleza hapa niliujenga baada ya Somanga. Nina malori matatu tu hapa Mtwara, lakini hata mwenye gari moja anaweza kuufuata.

Hatua ya 1: Jua kwa kila mteja ni karatasi ipi inazuia hela

Usidhani wateja wote wanataka kitu kimoja. Mpigie mhasibu, si bosi wake, umuulize: "Nikikuletea mzigo leo, ni karatasi gani isipofika huwezi kulipa?" Andika jibu kwenye daftari, mbele ya jina la mteja.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Masasi hana shida. Akihesabu mifuko yake ya saruji na idadi ikatimia, analipa kwa simu kabla utingo hajakunja turubai. Chama cha ushirika kinataka karatasi ya mzani wa ghala na sahihi za viongozi wake, na hao wako hapahapa wilayani. Panda bodaboda uwafuate, posta haihusiki. Halmashauri na taasisi za serikali hulipa kupitia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, na mpaka hati ya malipo ipite meza zote utakuwa umeshapiga simu nyingi, kwa hiyo peleka karatasi mapema na uulize imefika meza ya nani. Wanaokwama kweli ni wale wenye ofisi ya uhasibu Dar na mzigo unaoshukia huku kwetu. Hatua nyingi zinazofuata zinawahusu wao.

Hatua ya 2: Kamilisha ushahidi siku ya kushusha, gari likiwa bado limesimama

Ukiteleza hapa, barua pepe nzuri ya baadaye haitakuokoa.

Dereva wangu asiondoke sehemu ya kushushia kabla hajapiga picha nne: mzigo ukiwa garini turubai limefunguliwa, mzigo ukiwa ghalani, dilivari noti iliyosainiwa, na karatasi ya mzani kama ipo. Dilivari ipigwe picha ikiwa imelazwa mahali tambarare penye kivuli, pembe zake zote nne zionekane. Ukiishika hewani juani, nusu ya maandishi yanamezwa na mwanga.

Halafu muhuri. Katika zile dilivari 11, mbili zilikuwa na muhuri ambao hata orijino ingefika isingesaidia. Wino wa mtunza ghala ulikuwa umekauka, akagandamiza mara mbili, kikatoka kivuli cha duara bila jina wala tarehe. Dereva akapokea, akakunja karatasi, akaweka mfukoni. Tangu siku hiyo kila gari langu lina kichupa cha wino wa muhuri na kalamu mbili za bluu kwenye droo ya dashibodi. Muhuri ukitoka hafifu, dereva anatoa kichupa, anamwambia mpokeaji kwa heshima, "Mzee, samahani, tuongeze wino kidogo tupige tena hapa pembeni." Sijawahi kusikia mtu amekataa.

Chini ya muhuri mpokeaji aandike jina lake kwa herufi kubwa, namba ya simu na saa aliyopokea. Mifuko ikipungua au ikipasuka, idadi iandikwe palepale na wote wawili wasaini. Madereva wengi huogopa kuandika upungufu wakidhani watakatwa. Mimi nimewaambia wangu wazi: mifuko minne iliyopasuka ikaandikwa ni hasara ya mifuko minne, isipoandikwa inaweza kushikilia malipo ya gari zima.

Picha zije WhatsApp siku hiyohiyo, zitumwe kama faili ili zisipoteze ubora. Kuna vijiji vya Nanyumbu na Liwale ambako mtandao ni wa shida. Basi zitumwe gari likifika barabarani, na mimi namngoja. Zikifika nazibadili majina: tarehe, namba ya gari, namba ya dilivari. Bila hivyo baada ya wiki mbili utakuwa na picha 200 za karatasi nyeupe zinazofanana.

Hatua ya 3: Kubaliana kwa maandishi kabla shida haijaja

Usisubiri mgomo ndipo uombe huruma. Ukipewa kazi, kabla ya safari ya kwanza, weka kipengele hiki kwenye mkataba au hata kwenye barua pepe inayothibitisha bei:

"Endapo usafirishaji wa nyaraka utasimama kwa mgomo, mafuriko au sababu nyingine iliyo nje ya uwezo wetu, mteja atalipa kwa kutumia nakala za kielektroniki za dilivari noti. Siku za malipo zitahesabiwa kuanzia tarehe ya kupokea nakala hizo. Orijino zitawasilishwa ndani ya siku 14 baada ya usafiri kurejea."

Sentensi ya katikati ndiyo uisimamie. Wateja wengi huhesabu siku 30 kuanzia karatasi ilipogusa meza yao, kwa hiyo barabara ikikatika wiki mbili wewe unangoja siku 44. Mhasibu akisita kuhusu nakala, mkumbushe bila kubishana kwamba Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki. Wengine hukubali hapo. Wengine wanataka barua kutoka kwa bosi wao, basi iombe mapema.

Kama unaweza, omba pia malipo ya awali ya mafuta. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar ni karibu kilomita 560, na semi yangu ikiwa na mzigo hula lita moja kwa kila kilomita mbili hivi. Hizo ni lita 280 za kwenda tu. Mteja aliyelipia dizeli wakati wa kupakia amekupunguzia sehemu kubwa ya maumivu, hata salio likichelewa.

Hatua ya 4: Tuma faili moja, si picha kumi

Mhasibu ana wasafirishaji wengi. Ukimtupia picha kumi kwenye WhatsApp saa tatu usiku, zitazama chini ya salamu za harusi. Unganisha vyote kwenye PDF moja kwa mpangilio huu: invoisi, LPO (oda ya maandishi ya mteja), dilivari, karatasi ya mzani, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi). Programu za kuskani za bure kwenye simu zinatosha.

Risiti ya EFD iskani siku inapotoka. Karatasi yake hufifia kwa joto, na joto la kabini yetu mnalijua. Uzuri wake ni kwamba ina msimbo wa uhakiki ambao mhasibu anauingiza kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, na kuiona akiwa mezani kwake. Kwa karatasi hii hahitaji orijino kujua kama ni ya kweli, na wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na msafirishaji.

Tuma kwa barua pepe, kisha ujumbe mfupi wa simu: "Dada, habari za kazi. Nimekutumia invoisi namba 047 na viambatanisho vyake kwa barua pepe. Naomba unijulishe ikiwa kuna kinachopungua." Neno "kinachopungua" linafanya kazi. Anafungua faili kutafuta kasoro, na akiikosa ameshaipokea.

Hatua ya 5: Linda namba yako ya akaunti

Wakati karatasi zimekwama na kila kitu kinapita kwenye simu na barua pepe, matapeli nao huingia kazini. Mbinu yao kubwa ni kumwandikia mteja wako kana kwamba ni wewe: "Kutokana na mgomo tumebadili akaunti, tafadhali lipeni kwenye hii mpya." Anwani inatofautiana na yako kwa herufi moja tu. Mteja analipa kwa nia njema, wewe hupati, na undugu wenu wa kibiashara unaishia kituo cha polisi.

Kwa hiyo mwambie kila mteja mapema, kwa sauti yako: akaunti yetu haibadiliki kwa barua pepe wala kwa WhatsApp. Ukiona ujumbe wa namna hiyo, nipigie kwenye namba uliyonayo siku zote, siyo iliyoandikwa kwenye ujumbe huo. Andika maneno hayo chini ya kila invoisi. Jina la akaunti liwe lilelile lililo kwenye invoisi na EFD. Ukitumia akaunti ya shemeji yako kwa sababu akaunti ya kampuni ina shida, unamfundisha mteja kutokushtuka siku tapeli atakapoleta jina jingine.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kulipwa kwa ukubwa wa hela

Safari fupi za ndani, mathalani Mtwara mjini hadi Mikindani, zinalipika kwa Lipa Namba au simu. Kubalianeni nani anabeba makato. Malipo makubwa yapite benki kwa benki, na yakiwa ya haraka mteja aombe TISS, mfumo wa kuhamisha hela papo kwa papo kati ya benki. Omba akutumie uthibitisho wa malipo, lakini usiruhusu gari lipakie tena kwa picha ya uthibitisho pekee. Angalia salio.

Mteja akikata kodi ya zuio, yaani kodi anayoiondoa kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, dai cheti chake wakati uleule. Ukikisahau sasa, mwisho wa mwaka utakitafuta kwa mtu aliyeshahama kazi.

Hatua ya 7: Fuatilia kwa tarehe

Nina jedwali moja la Excel: mteja, invoisi, tarehe ya nakala kupokelewa, tarehe ya kulipwa, ahadi ya mwisho na aliyeitoa. Jumatatu asubuhi nalifungua kabla ya chai. Siku tano kabla ya tarehe naulizia kama invoisi imeshaidhinishwa. Tarehe ikipita siku moja napiga simu, nikipewa ahadi naiandika pamoja na jina la aliyeahidi. Ikipita wiki mbili, gari langu halipakii mzigo mpya wa mteja huyo, na namweleza hivyo kwa adabu. Msimu wa korosho ukianza Oktoba kila mtu Mtwara anatafuta gari, na mteja mwenye deni anajua kwamba nafasi ya gari lako ina wengine wanaoingoja.

Hatua ya 8: Peleka orijino hata kama umeshalipwa

Barabara ikifunguka au posta ikirudi kazini, timiza ahadi yako ya siku 14. Panga orijino kwa namba, uandike orodha yake nakala mbili, upige picha bahasha ikiwa wazi na ikiwa imefungwa. Ukituma kwa EMS, huduma ya haraka ya posta, tunza namba ya kufuatilia. Ukituma kwa basi chukua risiti ya kifurushi na namba ya kondakta. Mpokeaji asaini nakala moja ya orodha na kukurudishia picha yake. Bahasha yangu ya Somanga ilipofika hatimaye, dilivari tatu zilikuwa zimeloa hadi wino umetambaa, na hakukuwa na orodha ya kuonyesha zilikuwa zipi. Nililazimika kurudi Tandahimba kwa mtunza ghala na karatasi mpya mkononi, kumwomba asaini mzigo alioupokea wiki tano nyuma.