Somo: Kitendanishi Kinachoisha Kwanza, Kuanzia Gramu Hadi Jibu

Kila muhula unapoanza, swali lile lile hurudi katika kundi letu la kujisomea hapa Kisumu: umepewa vitu viwili vinavyomenyuka (vitendanishi), kila kimoja na kiasi chake, nawe unatakiwa kusema ni kipi kitakachoisha kwanza na zao litapatikana kiasi gani. Nimelijibu kwa ujumbe wa sauti, kwa picha za daftari, na hata usiku wa kuamkia mtihani. Sasa naliandika kwa ukamilifu ili kila anayeuliza aelekezwe hapa, na muda uliobaki tuutumie kwa maswali ambayo bado hayajajibiwa.

Mfano wetu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mawe ya chokaa, kama yale yanayochimbwa Koru, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, yaani CaCO₃. Chukulia kwamba umepima gramu 10.0 za CaCO₃ safi, ukazitia katika sentimita za ujazo 150 za asidi ya haidrokloriki (HCl) yenye moli 1.0 (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) kwa kila desimita ya ujazo. Je, itatoka kaboni dioksidi kiasi gani?

Hatua ya 1. Andika mlinganyo na uusawazishe: CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂.

Hatua ya 2. Tafuta masi ya moli, yaani gramu za moli moja, ya kila kitu: CaCO₃ ni 100, HCl ni 36.5, CaCl₂ ni 111, H₂O ni 18 na CO₂ ni 44.

Hatua ya 3. Geuza kila kitendanishi kuwa moli. Kilichopimwa kwa mizani, gawa gramu zake kwa masi ya moli: 10.0 ÷ 100 = moli 0.100 za CaCO₃. Kilicho katika myeyusho, zidisha ukolezi kwa ujazo, na ujazo lazima uwe katika desimita za ujazo: 1.0 × 0.150 = moli 0.150 za HCl. Anayesahau kugawa sentimita za ujazo kwa 1,000 hupata moli 150, ambazo ni zaidi ya kilo tano za HCl ndani ya bika moja. Kabla hujaendelea, jiulize kama kiasi ulichopata kinaweza kweli kuwa mezani mwako.

Hatua ya 4. Gawa moli za kila kitendanishi kwa namba iliyo mbele ya fomyula yake katika mlinganyo, ndipo ulinganishe. Hapa ndipo wengi huanguka, na huanguka baada ya kufanya kazi ngumu yote vizuri, kwa hiyo nawaomba msome aya hii polepole. Ukitazama moli peke yake, utaona 0.100 za CaCO₃ na 0.150 za HCl, na jicho litakuambia kwamba CaCO₃ ni chache, basi itaisha kwanza. Si kweli. Mlinganyo unasema kwamba kila moli moja ya CaCO₃ huhitaji moli mbili za HCl, kwa hiyo moli 0.100 za CaCO₃ zingehitaji moli 0.200 za asidi, nawe unazo 0.150 tu. Mfikirie fundi wa Kondele mwenye fremu 100 za pikipiki na matairi 150: matairi ni mengi kuliko fremu, lakini kila pikipiki inahitaji mawili, basi atamaliza pikipiki 75 na kubakiwa na fremu 25. Kwa asidi yetu ni vivyo hivyo: 0.100 ÷ 1 = 0.100, na 0.150 ÷ 2 = 0.075. Namba ndogo ni ya HCl, kwa hiyo HCl ndiyo inayoisha kwanza.

Kuna tahadhari tatu katika hatua hii. Kwanza, namba 0.075 uliyoipata ni ya kulinganishia tu, wala si moli za HCl ulizo nazo. Moli za HCl bado ni 0.150, na ukizichanganya hizo mbili utaharibu hesabu inayofuata. Pili, ikiwa hukusawazisha mlinganyo katika hatua ya 1, hatua hii itakupa jibu la uongo ambalo halina dalili yoyote ya kuwa la uongo. Tatu, usilinganishe gramu kamwe. Katika mfano huu HCl ina gramu 5.475 na CaCO₃ ina gramu 10.0, kwa hiyo mwenye kulinganisha gramu naye atasema HCl inaisha kwanza, na atapewa alama. Amepata kwa bahati, na bahati hiyo ndiyo inayomfanya aendelee kukosea katika swali linalofuata.

Hatua ya 5. Hesabu mazao yote kutokana na kile kinachoisha kwanza. Moli 0.150 za HCl hutoa nusu yake ya CO₂, yaani moli 0.075, ambazo ni gramu 3.30.

Hatua ya 6. Hesabu kilichobaki, kisha hakikisha masi. CaCO₃ iliyotumika ni moli 0.075, basi zimebaki moli 0.025, yaani gramu 2.5 zilizotuama ndani ya bika. Vilivyotumika ni gramu 7.5 na gramu 5.475, jumla 12.975. Vilivyotoka ni gramu 8.325 za CaCl₂, gramu 1.35 za maji na gramu 3.30 za CO₂, jumla 12.975. Zikilingana, umemaliza. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haiulizwi, ilhali ndiyo pekee inayokuonyesha kosa lako kabla ya msahihishaji kuliona.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mamboleo: Naomba jibu la swali la 4 katika karatasi ya mazoezi ya wiki hii. Nina haraka.

Mwandishi: Hatua ni sita, na swali la 4 halihitaji zaidi ya hizo. Andika hapa ulipofika, nami nitakuonyesha palipokwama.

Lurambi: Mimi nimekuwa nikilinganisha gramu tangu sekondari na huwa napata. Je, una mfano ambao gramu zinakataa?

Mwandishi: Ninao, na nashukuru kwamba umeomba mfano badala ya kuniamini tu. Chukua gramu 4 za hidrojeni na gramu 16 za oksijeni zinazofanya maji: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Kwa gramu, hidrojeni ni kidogo mara nne, na ungesema ndiyo inayoisha. Sasa geuza: hidrojeni ni 4 ÷ 2 = moli 2, oksijeni ni 16 ÷ 32 = moli 0.5. Gawa kwa namba za mbele: hidrojeni 2 ÷ 2 = 1, oksijeni 0.5 ÷ 1 = 0.5. Oksijeni ndiyo inayoisha, na gramu 2 za hidrojeni zinabaki bila kazi. Molekuli moja ya oksijeni ina uzito wa molekuli 16 za hidrojeni, kwa hiyo gramu haziwezi kukuambia ni molekuli ngapi zilizopo. Mmenyuko hufuata idadi ya chembe, na moli ni idadi: tangu mwaka 2019 imefafanuliwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili, pasipo kutegemea tena gramu 12 za kaboni-12.

Bondo: Mhadhiri wetu hafanyi hivyo. Yeye huhesabu zao linalotokana na kila kitendanishi peke yake, kisha huchukua lililo dogo. Njia yako haimo katika maelezo tuliyopewa.

Mwandishi: Njia ya mhadhiri wako ni sahihi, wala sikusema kwamba ni hii tu iliyopo. Ifanye kwa mfano wetu: CaCO₃ peke yake ingetoa moli 0.100 za CO₂, HCl peke yake ingetoa 0.075, basi jibu ni 0.075. Namba ni zile zile kwa sababu kugawa ni kule kule, tofauti ni mahali unapogawia. Ukiwa na mazao matatu yanayoulizwa, njia ya kugawa kwanza hukupunguzia kuandika. Mtihanini tumia ile uliyofundishwa, ili anayesahihisha aifuate bila shida.

Njoro: Dada, sisi tuko upande wa Nakuru. Tulifanya jaribio linalofanana kabisa na mfano wako, vipimo vile vile, tukaikusanya gesi kwa sirinji kubwa kwa awamu. Kitabu kinasema moli moja ya gesi ni desimita za ujazo 24, kwa hiyo tulitarajia 1.8. Tulipata karibu 2.3. Tumerudia na kupata hivyo hivyo. Tunaogopa kuandika ripoti kwa sababu tumepita asilimia mia moja. Tumekosea wapi?

Mwandishi: Hamkukosea, na tafadhali msiibadilishe namba hiyo ili ifanane na kitabu. Desimita za ujazo 24 ni za mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101.3, yaani usawa wa bahari, kwenye joto la kawaida la chumba. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama kilopaskali 81. Hewa inayoibana gesi yenu ni hafifu, basi gesi hutanuka zaidi. Tumieni PV = nRT, yaani mgandamizo × ujazo = moli × 8.314 × joto katika kelvini: kwenye nyuzi 25, ambazo ni kelvini 298, moli moja huchukua 8.314 × 298 ÷ 81, ambazo ni desimita za ujazo 30.6 hivi. Zidisha kwa 0.075 upate 2.3. Hicho ndicho mlichopima! Hata sisi hapa Kisumu, tulio karibu na usawa wa Ziwa Viktoria, mita 1,134, tuna mgandamizo wa kilopaskali 88 hivi, na moli moja kwetu ni kama desimita za ujazo 28. Katika ripoti andikeni joto la chumba na mgandamizo wa hewa mlioupima siku ile, kisha muonyeshe hesabu zote mbili. Moli ni zile zile 0.075 na gramu ni zile zile 3.30 popote mlipo, ila ujazo ndio unaobadilika. Kama maabara yenu haina barometa, ombeni kituo cha hali ya hewa kilicho karibu, lakini waelezeni wazi kwamba mnataka mgandamizo wa mahali penyewe, kwa sababu unaotangazwa mara nyingi huwa umerekebishwa uwe kama wa usawa wa bahari.

Njoro: Asante sana. Tulikuwa tumeanza kuilaumu sirinji.

Kakamega: Nasi tulipita mia moja, lakini zao letu ni kitu kigumu. Tulichanganya myeyusho wa CaCl₂ na wa Na₂CO₃, tukachuja CaCO₃, tukapata asilimia 104.

Mwandishi: Hapo mwinuko wa nchi hauhusiki. Zao gumu likizidi hesabu, karibu kila mara limebeba kitu kingine: maji ambayo hayajakauka, au chumvi ya NaCl iliyobaki kwa kutosuuzwa vizuri. Je, mlilisuuza kwa maji yaliyotoneshwa mara kadhaa? Mlilikausha kwa muda gani?

Kakamega: Tulisuuza mara moja, tukaliacha juani mchana mmoja.

Mwandishi: Suuzeni kwa maji kidogo kidogo mara tatu au nne, kausheni katika tanuri ya maabara kwenye nyuzi 105, mlipoze, mlipime, mlirudishe, mlipime tena. Uzito usipobadilika kati ya vipimo viwili, limekauka. Jua la mchana mmoja halitoshi, hasa msimu huu wa mvua.

Mamboleo: Nimefika hatua ya 4 katika swali la 4. Nina moli 0.30 za Al na moli 0.40 za Cl₂. Zao ni AlCl₃.

Mwandishi: Vizuri. Mlinganyo uliosawazishwa unasemaje?

Mamboleo: 2Al + 3Cl₂ → 2AlCl₃. Basi 0.30 ÷ 2 = 0.15, na 0.40 ÷ 3 = 0.133. Klorini inaisha kwanza?

Mwandishi: Ndiyo. Endelea na hatua ya 5 ukitumia moli 0.40 za Cl₂ zenyewe, si 0.40 ÷ 3.

Kisii: Swali la pembeni, mkiniruhusu. Magadi tunayotia kwenye mrenda ni sodiamu kaboneti. Je, naweza kuyatumia kwa jaribio la asidi nyumbani na kuhesabu kwa masi ya moli 106?

Mwandishi: Swali zuri, ila 106 itakudanganya. Hiyo ni ya Na₂CO₃ isiyo na maji. Madini yanayotoka Ziwa Magadi huitwa trona, na fomyula yake ni Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O, masi ya moli 226. Tena namba ya mbele inabadilika: moli moja ya trona huhitaji moli tatu za HCl, mbili kwa ajili ya kaboneti na moja kwa ajili ya haidrojeni kaboneti. Ukitumia 106 na namba mbili, utakuwa umekosea hatua ya 2 na ya 4 kwa pamoja. Zaidi ya hayo, magadi ya sokoni yana udongo na chumvi nyingine, kwa hiyo huwezi kujua moli zake kwa kuyapima kwa mizani tu. Geuza jaribio: tumia asidi ambayo ukolezi wake unajulikana, uitone polepole mpaka kielekezi kibadilike rangi, ndipo asidi ikuambie magadi yana kiasi gani. Lakini ufanyie maabara wakati wa mazoezi, ukiwa na miwani ya kukinga macho, wala si jikoni.

Kisii: Kielekezi kipi? Tunacho fenolfthaleini tu.

Mwandishi: Fenolfthaleini itapoteza rangi mapema, pale kaboneti inapokuwa imegeuka haidrojeni kaboneti, kwa hiyo utakuwa umeona theluthi moja tu ya asidi inayohitajika na trona safi. Ombeni methili ya chungwa kwa ajili ya mwisho kamili. Mkizipata zote mbili, toneni hadi ya kwanza ibadilike, andikeni ujazo, tieni ya pili, endeleeni. Kwa vipimo hivyo viwili mtajua kaboneti ni kiasi gani na haidrojeni kaboneti ni kiasi gani. Nileteeni namba mkishafanya, tuzihesabu pamoja hapa.