Ukitaka kutengeneza filamu ya makala kuhusu Waogiek wa Mau

Waogiek ni jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya. Safari ya kwanza kwenda vijiji vyao vya Nessuit au Mariashoni, acha kamera Nakuru mjini. Kaa na wazee, kisha akina mama peke yao, kisha vijana. Waeleze filamu ni ya nini, nani anailipia na itaonyeshwa wapi, halafu uwaulize wao wangetaka ionyeshe nini. Mzee akirina asali ni picha ambayo kila mgeni huitafuta, lakini mzee huyo huyo hulima viazi na hulipa karo.

Isome kesi ya ardhi kabla ya kuuliza swali lolote. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha iliamua kuwa Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafurusha msituni, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia. Ardhi ni jambo nyeti huko, kwa hivyo neno moja kuhusu shamba au mpaka linaweza kumletea msemaji matata baada yako kuondoka.

Hapo ndipo ridhaa inapohitaji kazi. Iombe mara tatu: kabla ya kurekodi, mara tu baada ya kurekodi, na msemaji akishaona filamu ilivyohaririwa. Uliza kama unaweza kutumia jina, sura, sauti na mahali anapoishi, kila kimoja peke yake, kwa lugha yake, na urekodi jibu kwa sauti. Sahihi kwenye karatasi ya Kiingereza asiyoielewa haina maana. Muulize akiwa faraghani; mbele ya mwenyekiti, wengi hushindwa kukataa. Kwa mtoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi.

Anayetaka kufichwa usimpige picha ya uso ukitegemea kuuficha baadaye. Majirani watamtambua kwa sweta, kwa mbwa, hata kwa lango. Piga picha ya mikono tu, mahali pasipo pake, na sauti isomwe na mtu mwingine.

Mkalimani wa papo hapo hufupisha: jibu la dakika kumi hurudi sentensi mbili, na mhariri hulikata katikati bila kujua. Mtafute Mwogiek wa pili, asiye wa familia hiyo, aandike maneno yote pamoja na dakika na sekunde kabla ya kuhariri.

Rekodi asubuhi. Mvua ya Mau ikianza kugonga mabati, mahojiano yameisha. Bana maikrofoni kifuani, kama shibiri moja chini ya kidevu, na urekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya, ya kutumia wakati wa kuhariri.

Leseni ya kupiga filamu huombwa kwa bodi ya filamu, ya droni kwa mamlaka ya usafiri wa ndege, na ruhusa ya kuingia msituni kwa idara ya misitu. Ushuhuda haununuliwi, ila mkalimani, mpishi na mwelekezi ni wafanyakazi: kubalianeni ujira mapema. Aliyepoteza siku ya kazi kwa mahojiano arudishiwe nauli na kibarua chake, kiwango kimoja kwa wote.

Mwisho, beba projekta, spika na jenereta hadi darasa la shule iliyo karibu, uwaonyeshe filamu waliorekodiwa. Jenereta ikae mbali nje, la sivyo hakuna atakayesikia. Simamisha filamu kila baada ya dakika kumi, andika pingamizi zote, na anayejiondoa atolewe hata kama ndiye nguzo ya filamu. Mahojiano kamili ya kila mtu mpe mwenyewe kwenye memori kadi inayoingia kwenye simu, maana kompyuta huenda hana.