Baada ya usaili: namna ya kuandika barua ya shukrani na kufuatilia majibu ya maombi ya kazi

Waombaji wengi wa kazi hujiandaa kwa bidii kabla ya usaili, lakini wakishatoka mlangoni hunyamaza kabisa na kusubiri simu. Ukimya huo mara nyingi hutokana na malezi mema, kwani tumefundishwa kwamba mwombaji hasumbui, na kwamba kumshukuru mtu ambaye bado hajakupa kitu kunafanana na kujipendekeza. Kwa maoni yangu, adabu hiyo inatumika hapa mahali pasipo pake. Watu waliokusaili wameacha kazi zao, wamesoma wasifu wako na kukusikiliza, na wanastahili shukrani hata kama hawatakuchagua. Zaidi ya hapo, barua iliyoandikwa vizuri huwafikia kabla hawajakaa kuamua, na huwakumbusha jambo ulilolisema ambalo huenda limefunikwa na majibu ya wasailiwa waliokufuata.

Maandalizi ya barua hiyo huanza ukiwa bado chumbani. Unapoulizwa kama una swali lolote, uliza majibu yanatarajiwa lini na, ukihitaji kuwasiliana nao, umwandikie nani. Ukishatoka, kabla hujapanda daladala, andika kwenye daftari majina na vyeo vya waliokuwepo, maswali yaliyokuwa mazito, na lile jibu ambalo ungependa kuliongezea neno. Ikiwa hukulishika jina la mtu vizuri, waulize watu wa mapokezi linavyoandikwa, kwa sababu barua ya shukrani iliyokosea jina la anayeshukuriwa ni afadhali isingetumwa.

Tuma barua jioni ya siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Njia bora kwa kampuni na mashirika mengi ni barua pepe, ukijibu ile iliyokuita kwenye usaili ili mazungumzo yote yabaki mahali pamoja. Ofisi ambayo bado inapokea maombi kwa karatasi nayo iandikie kwa karatasi. Peleka nakala mbili masjala au mapokezi, waachie moja, na ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa uondoke nayo. WhatsApp itumie tu ikiwa mwajiri ndiye aliyeanza kukuandikia huko, na hata hivyo andika maneno kamili, usitume ujumbe wa sauti. Kuhusu lugha, fuata ile iliyotumika katika usaili. Kama mlizungumza Kiingereza muda wote, andika kwa Kiingereza, na kama mlizungumza Kiswahili, usione haya kuandika Kiswahili sanifu.

Waliokusaili wakiwa wengi, barua moja inatosha, ielekezwe kwa mwenyekiti wa jopo au kwa afisa rasilimali watu ukimwomba afikishe shukrani kwa wenzake. Tumia Ndugu, Bwana au Bibi, na cheo cha kitaaluma kama vile Daktari au Mhandisi ikiwa alitambulishwa hivyo. Maneno kama Bosi, Mama au Mzee yanaweza kuwa ya heshima kabisa mdomoni, lakini katika barua ya ofisi yanasomeka kama mazoea ambayo bado hamjajenga.

Chukua mfano wa mtu aliyesailiwa kwa nafasi ya mtunza ghala katika kampuni inayosambaza dawa. Barua yake inaweza kuwa hivi:

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Yah: Shukrani kwa usaili wa nafasi ya mtunza ghala

Nakushukuru wewe pamoja na wajumbe wa jopo kwa muda mlionipa jana asubuhi.

Nimeendelea kulifikiria swali la mhasibu kuhusu dawa zinazoisha muda wake zikiwa bado rafuni. Nilieleza namna ya kupanga mzigo ili unaokaribia kuisha muda utoke kwanza, lakini sikupata nafasi ya kutaja kwamba katika duka la jumla nilikofanya kazi tulikuwa na daftari la tarehe za mwisho lililokaguliwa kila Ijumaa, na katoni iliyobakiza miezi mitatu ilibandikwa karatasi nyekundu na kusogezwa mbele. Utaratibu huo ninaweza kuuanzisha ghalani kwenu mara moja.

Mlinieleza kwamba majibu yatatolewa ndani ya wiki mbili. Mkihitaji vyeti halisi au maelezo zaidi, ninapatikana kwa namba iliyo kwenye wasifu wangu.

Wako mwaminifu,

(jina na namba ya simu)

Nguvu ya barua hii iko katika aya ya pili. Shukrani peke yake mtu yeyote anaweza kuiandika, tena kwa kunakili, ilhali lile daftari la Ijumaa na karatasi nyekundu haviwezi kutoka kwa mtu mwingine isipokuwa huyu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila barua ibebe jambo moja lililozungumzwa chumbani, likiwa limeongezewa kitu kidogo cha kweli. Jambo moja linatosha, kwa kuwa barua inayojaribu kusahihisha usaili mzima humwonyesha mwajiri mtu asiyejiamini. Achana pia na ule mwanzo uliozoeleka wa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", pamoja na maelezo ya shida za nyumbani, hata kama ni za kweli. Ada za watoto na kodi ya chumba humtia msomaji huruma, lakini hazimsaidii kuamua kama unaweza kazi.

Kufuatilia majibu ni suala la kalenda. Ukiahidiwa majibu kwa tarehe fulani, subiri ipite, kisha ongeza siku mbili au tatu za kazi ndipo uandike. Usipopewa tarehe, wiki mbili ni subira ya kutosha. Ujumbe wenyewe uwe mfupi: taja nafasi, siku ya usaili, kwamba bado una nia, kisha uliza mchakato umefikia wapi. Usiulize "mbona kimya", kwani swali hilo lina lawama ndani yake. Ukipiga simu, piga katikati ya asubuhi, jitambulishe kwa jina kamili na nafasi uliyoomba, na uulize kwanza kama anayepokea ana nafasi ya kuzungumza. Kumbipu afisa wa ajira ni jambo la kuepuka kabisa. Ukikosa jibu, andika tena baada ya wiki moja au mbili, na baada ya hapo acha, uelekeze nguvu kwenye maombi mengine.

Kwa maombi ambayo bado hayajazaa wito wa usaili, uwe mwangalifu zaidi. Tangazo likisema kwamba watakaochaguliwa pekee ndio watakaojulishwa, ulizia mara moja tu baada ya muda wa kupokea maombi kufungwa.

Kazi za serikali zina njia yake, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza majina ya walioitwa kwenye usaili na walioitwa kazini kupitia tovuti yake, na mwombaji hufuatilia pia kwenye akaunti yake ya Ajira Portal, mfumo wa sekretarieti hiyo wa kuombea kazi mtandaoni. Aliyefaulu usaili lakini nafasi zikawa zimejaa anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kituo baadaye nafasi ikipatikana, kwa hiyo endelea kusoma matangazo hata miezi kadhaa baada ya usaili. Usimtafute msaili mmojammoja kumshukuru, kwa sababu mawasiliano hayo yanaweza kutafsiriwa kuwa ushawishi. Matangazo mengi ya kazi za umma nchini Kenya huonya waziwazi kwamba mwombaji atakayewashawishi wahusika kwa njia yoyote ataondolewa. Shukrani ya mdomo unapoinuka kitini inatosha.

Popote unapoomba, iwe serikalini au kwa mtu binafsi, shukrani isiambatane na zawadi. Vocha, kitenge au "ya soda" iliyotumwa kwa simu inaweza kukuingiza kwenye rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ya Tanzania inamgusa anayetoa sawasawa na anayepokea. Vilevile, mtu akikupigia kujibu ufuatiliaji wako kisha akadai fedha ili faili lako lisukumwe, kata mawasiliano na uripoti TAKUKURU, yaani Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania.

Kuna watu wawili ambao husahaulika sana. Wa kwanza ni mdhamini uliyemweka kwenye wasifu, ambaye anapaswa kujulishwa mara tu unapomaliza usaili kwamba huenda akapigiwa simu, ni kazi gani na ya wapi, kisha ashukuriwe kwa matokeo yoyote. Wa pili ni yule aliyekutumia tangazo au kukuelekeza kwa mhusika. Mpigie na umweleze ulivyofika, maana hakuna kinachomkatisha tamaa mtu wa aina hiyo kama kusikia habari zako kwa watu wengine.

Ukijulishwa kwamba hukuchaguliwa, jibu siku hiyo hiyo kwa sentensi tatu: shukuru kwa kujulishwa, sema kwamba bado ungependa kufanya kazi nao, na uombe wakukumbuke nafasi ikitokea. Hili naliona kuwa muhimu hata kuliko barua ya kwanza, kwa kuwa hutokea aliyechaguliwa akakataa mshahara au asiripoti kazini, na mwajiri hurudi kwenye orodha yake akitafuta anayefuata.

Nawe ukipata kazi kwingine, waandikie wote ambao bado wanashughulikia ombi lako. Washukuru, waeleze kwamba unaliondoa, na ufanye hivyo mara tu unaposaini mkataba, ili nafasi uliyokuwa umeishikilia kwenye orodha yao ipewe mwombaji mwingine anayesubiri.