SOMO: Wikiendi ya tamasha la kutazama ndege wa porini, wewe na mwenzako (soma yote kabla ya kuuliza)

Msimu wa matamasha ukikaribia naulizwa yaleyale: darubini ipi, tuamke saa ngapi, mbona mwenzangu anaona na mimi sioni. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamletea uzi huu.

1. Jisajilini mapema. Matembezi ya kuongozwa ndiyo hujaa kwanza. Mabanda ya maonyesho hayana shida.

2. Laleni karibu na eneo. Ndege wengi huchangamka kuanzia alfajiri, na jua likishapanda hupoa.

3. Nguo za rangi iliyofifia, viatu vilivyozoea mguu, kofia, maji.

4. Darubini. Wikiendi nyingi zinaharibikia hapa, kwa hiyo tulia usome.

Ukiona imeandikwa 8x42, namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwanga unaoingia jichoni: 42 kwa 8 ni 5.25, na kwa darubini ya 10x42, 42 kwa 10 ni 4.2. Alfajiri, chini ya miti, tofauti hiyo utaiona. Halafu ya mara kumi inakuza na mtetemo wa mikono yako, na kwa kawaida huonyesha eneo dogo zaidi, ndege akihama tawi tu umempoteza. Anayeanza achukue ya nane.

Sasa kuirekebisha. Kunja au kunjua mpaka uone duara moja, si mawili. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja (usifumbe jicho, utakaza uso mzima), tazama kibao chenye maandishi, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Kisha ziba ya kushoto, gurudumu USILIGUSE, zungusha pete iliyo upande wa jicho la kulia mpaka herufi zikae sawa. Tangu hapo pete hiyo haiguswi tena, unatumia gurudumu peke yake.

ONYO: mkiazimana darubini moja, kila mtu ana kipimo chake kwenye pete ile. Mwenzako akiizungusha akakurudishia, utashinda unaona ukungu na kichwa kinauma, na utalaumu lenzi. Wekeni vidoa viwili vya rangi ya kucha kwenye pete, chako na chake.

ONYO: wenye miwani, msiivue. Shusheni vile vikombe vya mpira vya upande wa macho.

ONYO: usimtafute ndege ndani ya darubini. Mkazie macho, usiyabandue, kisha ipandishe darubini mpaka ikutane na macho. Fanyeni zoezi hili nyumbani, hata kwa majani ya mti.

5. Daftari. Mmoja anatazama na kutaja, mwingine anaandika: ukubwa, umbo la mdomo, miguu, anafanya nini. Kitabu cha kutambua ndege baadaye. Ukianza na kitabu, utaanza kumwona ndege unayemtaka badala ya aliyepo.

6. Msimwite ndege kwa sauti ya kwenye simu, hasa msimu wa kutaga. Dume hudhani mpinzani kavamia himaya yake, anaacha shughuli za kiota anakuja kugombana na spika.

MASWALI

Zumaridi88: Mkuu, darubini ipi nzuri?
— Hatua ya 4.

Zumaridi88: Nimeona ila ni ndefu. Nipe namba tu.
— 8x42. Ile pete mtajuana wenyewe.

Bwana_Ziwa: Mimi natumia 20x50 na naona vizuri tu. Acha kutisha watu.
— Sijamtisha mtu, nimesema anayeanza. 50 kwa 20 ni 2.5, na mkononi haitulii. Kama unaiweka kwenye stendi ya miguu mitatu ukitazama ndege wa majini walio mbali, endelea kwa raha zako. Kichakani ni habari nyingine.

Tausi_Mweupe: Asante kwa somo. Naona matamasha mengi yako pembeni mwa maji. Ni mandhari tu au kuna sababu?
— Sababu ipo, dada, na ni tamu. Ndege wadogo wahamao wengi husafiri usiku. Kukipambazuka mbele yao kuna maji mapana, hushuka kwenye miti ya mwisho kula na kupumzika kabla ya kuvuka. Magee Marsh, jimbo la Ohio kule Marekani, iko ukingoni mwa Ziwa Erie upande wa kusini. Mwezi Mei ndege wanaelekea kaskazini, ziwa linawasimamisha, na tamasha la Biggest Week in American Birding hufanyika eneo hilo. Kuna njia ya mbao inayopita katikati ya miti, na ndege wanashuka hadi usawa wa uso. Jambo la kufuatilia ni upepo: usiku ukivuma kutoka kusini, wanasafiri nao, mvua ikiwakuta karibu na alfajiri, wanashuka kwa wingi. Asubuhi hiyo msilale.

Mchungulia: Sisi tunaelekezana kwa saa, mti tunauchukulia kama uso wa saa, na tunaishia kugombana. Nikisema "saa tatu" yeye anageukia upande mwingine.
— Hili lilipaswa kuwa hatua ya 7. Asubuhi saa tatu mshale mfupi uko kwenye tarakimu 9, kushoto. Wewe labda unawaza tarakimu 3, kulia. Semeni "namba 3", na 12 iwe kilele cha mti.

Korongo_Mzee: Naongezea. Kwenye mti mkubwa anzia shinani: tawi la pili kulia, lifuate mpaka kwenye jani kavu, ndege yuko juu yake kidogo. Na usinyooshe mkono ghafla.
— Naam, mzee wangu. Ya mkono nilisahau.

Mchungulia: Na Merlin, ile programu ya simu ya kutambua ndege, inatosha kutambua sauti?
— Ni ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, inasaidia sana. Ichukulie kama fununu: ikitaja jina, mtafuteni huyo ndege kwa macho ndipo mwandike. Wapo ndege wanaoiga sauti za wenzao.

Tausi_Mweupe: La mwisho, lenzi ikiingia vumbi nafuta na nini?
— Usifute kwanza. Puliza au tumia brashi laini mchanga utoke, kisha kitambaa cha lenzi. Ukifuta na mchanga uliomo unakwaruza kioo. Pindo la shati hapana.